Nilivyoipata mipaka ya mashamba ya enzi za Warumi kwenye picha za angani

Kama kuna ushauri ulionipotezea muda ni ule wa "tafuta picha kali, ya kijani safi". Hapana jamani. Kijani safi hakikuonyeshi kitu!

Mi naishi Doncaster, kaskazini mwa Uingereza. Huku chini ya mashamba ya leo kuna mengine ya Zama za Chuma na enzi za Warumi, yamepangwa kama matofali ukutani na ndo jina wataalamu waliloyapa. Derrick Riley, rubani wa zamani wa vita, aliyapiga picha akiwa angani miaka ya 1970. Ukisimama shambani huoni chochote, majembe ya trekta yameshasawazisha.

Kinachoyafichua ni ukame. Mpaka wa zamani ulikuwa mtaro, mtaro ukajaa udongo mzito unaoshika maji, na huku kwingine kote ni kichanga juu ya mwamba, maji yanapita tu. Jua likikaza, shayiri iliyoota juu ya mtaro inabaki ndefu na ya kijani wakati nyingine zote zimeshageuka njano. Kwa hiyo ingia Google Earth, rudi nyuma hadi kiangazi cha 2018, mvua ilipogoma, kama eneo lako lina picha ya mwishoni mwa Juni au Julai umeula. Anza na shayiri, halafu ngano.

Sasa kuchuja, na hapa najivunia kweli. Njia za matairi ya trekta zinafuata ukingo wa shamba la leo, hizo acha. Mabomba ya kutolea maji yanaingia mshazari kwenye bomba moja kubwa, acha pia. Halafu nachukua ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, za karne ya 19, ziko bure kwenye tovuti ya National Library of Scotland, nazilaza juu ya picha, na kila ua wa miti uliong'olewa baadaye naufuta. Kila mstari unaobaki nauuliza swali moja: ukifika kwenye ua wa leo unasimama au unapita? Ukipita bila kuujali, basi huenda ulikuwepo kabla ya ua wenyewe.

Kuna mstari mmoja ulininyima usingizi, upande huu wa ua umekolea kijani ndani ya shayiri, ng'ambo kuna viazi, hamna kitu. Nikahangaika na picha za miaka mingine mpaka nikapata picha ambayo ng'ambo nako kumepandwa shayiri, na huo hapo, pembe ile ile, unapita chini ya barabara ya lami mpaka shamba la tatu! Tena pembeni ukatokea mwenzake, wanakwenda sambamba, katikati nafasi ya kupitisha ng'ombe. Njia ya mifugo hiyo. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Programu za kulipia usinunue, bando linatosha. Na ukichora, chora unachokiona tu, pengo liache pengo, maana ukishaliunganisha kwa kukisia mwenzako atakayekuja hatajua wapi uliona na wapi ulibuni.