Fomula moja kwenye kichwa cha safu, kila mstari mpya unajihesabu

Katika kikundi chetu cha wafugaji, mpokeaji wa maziwa hujaza fomu ya Google kwa simu pale pale kituoni: namba ya mwanachama, lita za asubuhi, lita za jioni. Majibu hutua kwenye Google Sheets (muda wa kutumwa safu A, namba B, lita za asubuhi C, za jioni D), na mwisho wa mwezi nalipa watu kutokana na lahajedwali hiyo. Shida ilikuwa safu ya jumla. Hata niburute fomula hadi chini kabisa, jibu jipya liliingia seli ya jumla ikiwa tupu, kwa sababu fomu haijazi mstari uliopo. Huchomeka mstari mpya na kuzisukuma fomula chini. Na mstari usio na jumla ni jasho la mtu aliyeamka alfajiri kukamua.

Nikafuta fomula zote za safu E, nikaandika moja tu kwenye E1:

={"Jumla ya lita";ARRAYFORMULA(IF(A2:A="","",C2:C+D2:D))}

Maneno ya mwanzo ndiyo kichwa cha safu. Yanayofuata hukokotoa kuanzia mstari wa pili hadi mwisho wa laha, ikiwemo mistari itakayoingia kesho. IF huacha wazi ile isiyo na muda wa kutumwa kwenye safu A. Nimeiweka mstari wa kwanza makusudi. Ingekaa wa pili, mtu akiufuta mstari huo au akipanga data upya, fomula ingeondoka nao. SUM haifai hapa: hujumlisha eneo zima na kurudia jumla ile ile kila mstari.

Bei ndiyo iliyotaka kufikiriwa sana. Ukizidisha lita kwa seli moja ya bei, siku unapoibadilisha, malipo ya miezi iliyopita nayo yanabadilika, na hapo ugomvi hauepukiki. Nimefungua laha iitwayo Bei: safu A tarehe bei inapoanza, safu B bei yenyewe, kuanzia ya zamani. Kisha F1:

={"Malipo";ARRAYFORMULA(IF(A2:A="","",E2:E*VLOOKUP(A2:A,Bei!A2:B,2,TRUE)))}

VLOOKUP huitafuta tarehe kwenye laha ya Bei, na TRUE huchukua bei ya tarehe ya karibuni kabla ya siku hiyo au siku hiyo hiyo, mradi tarehe zimepangwa.

Safu E na F nimezifunga asizihariri mtu ila mimi. Mtu akiandika chochote ndani yake, hesabu zote za safu hiyo hutoweka na kichwani hutokea #REF!. Ukifuta alichoandika, zinarudi.

Kwa anayetumia Excel bila fomu, njia ni fupi zaidi: bofya ndani ya data, bonyeza Ctrl+T iwe jedwali, andika =[@Asubuhi]+[@Jioni] (ndani ya mabano ni vichwa vya safu) mara moja, na safu nzima itajaa. Ukiandika chini ya mstari wa mwisho, jedwali hurefuka na fomula inafuata.