Wa supamaketi

Dada Nasimiyu amesharudi Kimilili, basi lilifika salama, lakini mimi bado niko naye pale mezani Jumapili mchana.

Mnajua alivyo. Hawezi kuja Nairobi mikono mitupu, na safari hii alikuja na mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Aliuchuma mwenyewe, akaufunga kwa majani ya mgomba, akaupakata usiku kucha ndani ya basi kwa sababu kwenye buti ungesinyaa kwa joto. Alipofika kwetu mtaani Umoja hakutaka hata kulala kidogo. Alivua viatu, akaomba ungo, akakaa chini akauchambua jani moja moja, mashina akiyatupa pembeni. Akauchemsha pamoja na majani ya kunde, na magadi kidogo tu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, bila mafuta, vile Mama alivyokuwa akipika. Nyumba nzima ilinukia kwetu. Nilikula nikasahau kuongea.

Binti yangu Nafula akautazama. Akachovya ncha ya kidole, akakiinua, akaona uzi wa kijani unavutika, akajipangusa kwenye gauni na kuisukuma sahani mbele.

Nasimiyu akasema, "Huyu si wetu."

Alisema huku akicheka, lazima niseme hivyo kwa haki, na sisi wakubwa tulicheka kidogo. Nafula hakucheka. Aliuliza, "Shangazi, sasa mimi ni wa nani?"

"Wewe? Wewe ni wa supamaketi."

Mama Nafula akainuka kwenda kuongeza maji kwenye jagi lililokuwa limejaa.

Hayo tu. Mazungumzo yakahamia mahindi na bei ya mbolea. Lakini Jumatatu asubuhi kwenye matatu nilikuwa namjibu dada yangu kimoyomoyo, na jioni nikiosha vyombo nikamjibu tena. Kazini wametangaza kwamba idara yetu itaunganishwa na ya ghala, na meneja wetu ameshaaga, nami nilikaa katika mkutano huo nikitunga maneno ya kumwambia Nasimiyu. Mara namwambia kwamba mtoto huyu ana kwao kuwili, na kwamba kwa nyanya yake Machakos alimaliza bakuli zima la muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Wakamba. Mara namuuliza kama anakumbuka Mama alivyomfukuza shambani yeye mwenyewe kwa kukataa saga, mboga ya kienyeji iliyo chungu. Mara simwambii kitu, namtazama tu, na yeye anasema tena: wewe ni wa supamaketi.

Mambo ya lishe nimeshayaandika humu zaidi ya mara moja, na msimamo wangu ni ule ule. Mtoto huusikia uchungu kuliko mtu mzima, kwa hiyo akikunja uso kwa managu, mboga nyingine chungu ya kienyeji, hakuigizii. Wataalamu wanasema anaweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara 10 na zaidi kabla ya kukizoea, na wazazi wengi tunakata tamaa mapema. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku. Weka sukuma wiki kiasi hicho kwenye mizani ya bucha uone lile rundo; hata mtu mzima atashtuka. Ndiyo maana nashukuru ndizi na maembe yapo.

Lakini kilichoniuma Jumapili hakikuwa gramu. Sahani ya mtoto ilikuwa imegeuzwa kitambulisho. Jumatatu usiku nilipompakulia kabichi, ambayo huwa anaila bila maneno, aliitazama kwanza akaniuliza, "Hii ni ya kina nani?" Jumanne akauliza vivyo hivyo kuhusu karoti. Ana miaka 6. Nilimwambia karoti ni ya mwenye njaa, akala, lakini alikuwa ananitazama usoni wakati akitafuna, kama anayesubiri kuambiwa amekosea.

Na hiyo supamaketi yenyewe! Siku hizi ukiingia utakuta managu, terere, saga na huo mrenda vimefungwa mafungu kando ya spinachi. Mboga hizi kwa miaka mingi ziliitwa magugu, chakula cha wasiojiweza. Kuna watu waliozipigania, kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, aliyetumia miaka mingi kuonyesha virutubisho vilivyomo ndani yake na jinsi ya kuzilima. Mimi nafurahi sana nikiziona pale rafuni. Kwamba mtoto wa Umoja anaweza kuupata mrenda bila kungoja shangazi apande basi, hilo ni jambo la kushangilia.

Halafu ikaja Alhamisi.

Nilichelewa, barabara ya Outering ilikuwa imefunga, na nilipofika nyumbani Nafula hakuwepo. Mama yake akaniambia yuko chini kwa Mama Otieno. Nikashuka. Mlango ulikuwa wazi, Mama Otieno yuko kwenye stuli anakatakata sukuma za wateja wa jioni, na sakafuni watoto wamezunguka sinia moja. Ugali katikati, bakuli la mrenda kando. Nilisimama nje ya mlango nisionekane.

Walikuwa wanashindana. Unamega tonge, unachovya, halafu unainua mkono polepole, na uzi wako ukikatika kabla ya wa mwenzako umeshindwa. Nafula alikuwa amepiga magoti, mkono wote juu, ulimi nje kwa umakini, na uzi wake ukashuka mwembamba, unang'aa kwenye taa, ukaenda, ukaenda, ukakatikia kidevuni mwake. Akalitia tonge mdomoni lote. Akachovya jingine.

"Kuleni, acheni mchezo," Mama Otieno akasema bila kuinua macho. Kisha akaniona. "Baba Nafula, huyu ameongezwa mara mbili. Kwani kwenu hamumpi chakula?"

Nilitaka kumkumbatia yule mama. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akimhesabia matonge, wala wa kumweleza kwamba mboga ni nzuri kwa macho na damu. Nimeamini sasa kwa moyo wote: mtoto hali mboga akikaguliwa. Tumwachie sahani, tuweke mboga mezani kila siku, tule zetu kwa raha, tutazame pembeni. Kwenye ngazi aliniambia, "Baba, ile ya Shangazi ilikuwa inateleza hivi hivi?" Nikamwambia hivi hivi kabisa. Akasema Shangazi akija tena atamwonyesha uzi mrefu.

Nikampigia Nasimiyu usiku huo huo. Majibu yangu yote ya wiki yalikuwa yameyeyuka, nilitaka tu asikie habari za mtoto. Nikamsimulia sinia, uzi, magoti. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mrenda gani?" Hakukumbuka. Halafu akaniambia alichokuwa akifikiria: Mzee, baba yetu, anachanganya dawa. Macho yamepungua sana, hasomi tena pakiti, anavipapasa vidonge na kubahatisha ni vipi vya presha, na juzi alimeza vya asubuhi mara mbili akakaa kutwa nzima anayumba. Kliniki ya macho iko Bungoma siku ya Jumanne. Nasimiyu ana ng'ombe wa kukama asubuhi na jioni, hawezi kumpeleka. Itabidi niende mimi, na meneja aliyekuwa akitia sahihi likizo zetu ndiye huyo aliyeondoka. Hakuna hata mmoja pale ofisini anayejua sasa ruhusa inaombwa kwa nani.