Mkwaju (/) mmoja kwenye robots.txt

Mwaka 2022, tovuti ya picha zangu ilikuwa na miezi mitatu hewani: harusi za Goma, ziwa Kivu, na Buhene baada ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021. Asiyejua anwani yake hakuipata. Jioni moja kijana jirani yetu hapa mtaa wa Himbi, Goma, aliitafuta kwenye simu yake, akanisogezea kioo: "Yaya, iko, lakini haina maneno." Kweli, ilikuwa anwani tupu, na chini yake Google imeandika kwamba haina habari za ukurasa huo.

Maneno hayo yalitosha kuonyesha ugonjwa. Ukurasa wenye noindex, alama ya msimbo inayoiambia Google isiuorodheshe, hutoweka kabisa kwenye matokeo. Uliofungiwa na robots.txt, faili inayoziambia roboti (programu za Google na wenzake zinazosoma tovuti) wapi zisiingie, unaweza kutokea hivyo hivyo, uchi, kwa sababu tovuti nyingine imeweka kiungo kinachouelekea, ila roboti haikuruhusiwa kuingia kuusoma. Nikafungua faili. Mistari miwili tu: "User-agent: *" na "Disallow: /". Niliiweka wakati wa ujenzi, nikaisahau. Ule mkwaju (/) wa mwisho, peke yake, hufunga tovuti nzima. Nikaufuta. "Disallow:" isiyofuatwa na kitu maana yake ni ruksa.

Wengine huweka vizuizi vyote viwili kwa pamoja wakidhani wamejilinda zaidi. Hapana: roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuisoma noindex iliyo ndani.

Usiku ule ule, kabla umeme haujakatika, niliingia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, nikakagua anwani ya ukurasa wa mwanzo, nikaomba uorodheshwe, nikawasilisha sitemap, yaani orodha ya kurasa za tovuti. Siku ya nne maneno yakatokea. Lakini kuorodheshwa ni jambo moja, kupanda ni jingine. Tulikuwa mbali, kurasa za matokeo ambazo hakuna anayezifikia.

Kurasa zote 11 zilikuwa na kichwa kimoja, "Accueil", yaani "Mwanzo" kwa Kifaransa. Kichwa hicho hakimwambii mtu wala roboti kilichomo. Neno "Nyiragongo" nililiacha, maana hapo unashindana na magazeti na vyuo vikuu vya dunia nzima. Bwana harusi wa Katindo anaandika "photographe mariage Goma", au "mpiga picha harusi Goma". Kwa hiyo nikatengeneza ukurasa wa Kifaransa na wa Kiswahili, kila mmoja na kichwa chake, nikaziunganisha kwa hreflang, alama inayoionyesha Google matoleo ya ukurasa kwa lugha tofauti. Lazima kila ukurasa uutaje mwenzake. Ukitaja upande mmoja tu, Google huipuuza alama hiyo. Meta keywords, yale maneno ya utafutaji yanayofichwa ndani ya msimbo, nikazifuta. Google ilishasema mwaka 2009 kwamba haizitumii kupanga matokeo.

Kazi iliyokula siku nyingi ni picha. Zilitoka kwenye kamera moja kwa moja, megabaiti 7 au 8 kila moja. Mtu aliyenunua mega kwa kuhesabu hawezi kusubiri hilo. Nikazipunguza hadi upana wa pikseli 1600, JPEG ya ubora wa 75, nyingi zikashuka chini ya kilobaiti 400. Nikaandika upana na urefu ndani ya msimbo, ili ukurasa usiruke ruke unapofunguka. Halafu nikakosea: niliwasha loading="lazy", alama inayoahirisha kupakia picha, kwenye picha zote, hata ile kubwa ya juu kabisa, ikachelewa kuliko mwanzo. Alama hiyo ni ya picha za chini, zile ambazo msomaji bado hajazifikia.

Kuhusu viungo, kulikuwa na mtu anayeuza mia tano kwa dola ishirini. Nilikataa. Kununua viungo ili kupanda ni kinyume cha kanuni za Google, na mwaka 2012 ilizindua mfumo wa Penguin wa kuwinda mbinu hizo. Nilikwenda kwa mwenye ukumbi wa harusi na kwa mama mmoja mshonaji wa magauni, wote wana tovuti zao, wote walikuwa wakitumia picha zangu. Wakaweka jina na kiungo chini ya picha.

Wiki ya sita, ukurasa wa Kifaransa ulikuwa nafasi ya 8. Ule wa Kiswahili ulikuwa wa 2, kwa kuwa karibu hakuna mwenzetu aliyekuwa ameandika huduma hiyo kwa lugha tunayoiongea sokoni Virunga kila siku. Nikaanza kuandika ukurasa wa ubatizo, safari hii kwa Kiswahili kwanza.