Siku moja kazini: kuigawa ruta ya nyumba ya Shangani

Saa mbili asubuhi nilibisha hodi katika nyumba moja ya Shangani, Mtwara mjini, ambayo mwenyewe anaishi mbele na wanawe na kupangisha vyumba vya uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka wapangaji wapate intaneti, lakini kamera zangu wasizione."

Saa tatu nilikuwa bado na kalamu na karatasi, kwa sababu ruta haiguswi kabla ya mpango kukamilika. VLAN ni mtandao uliotengwa na mingine ingawa yote iko kwenye ruta moja: VLAN 10 ni ya familia, 20 ya wapangaji, 30 ya kamera, na kila moja ina anwani zake, zinazoanza kwa 192.168.10, 192.168.20 na 192.168.30. Kiwango cha kimataifa cha VLAN, IEEE 802.1Q, kinaruhusu namba 1 hadi 4094, na wapo mafundi wanaotamani kuitengea hata televisheni VLAN yake. Mimi naona tatu zinaitosha nyumba kama hii, kwani anayebaki na mzigo wa mgawanyo huo ni mwenye nyumba, si fundi.

Kuanzia saa nne nilikuwa ndani ya ruta, MikroTik ya poti tano. Poti iendayo kwenye swichi ya kamera niliiweka VLAN 30 bila lebo, yaani bila alama inayoitaja VLAN ndani ya data, maana kamera hazijui lebo ni nini. Poti iendayo kwenye kifaa cha waifai hubeba VLAN 10 na 20 kwa pamoja, kwa kuwa kifaa hicho hurusha majina mawili ya mtandao. Hapo kila fremu, yaani kifurushi cha data, huongezewa lebo ya baiti 4, ambayo ndani yake biti 12 hutaja namba ya VLAN. Uchujaji wa VLAN, unaoifanya ruta ianze kuutekeleza mgawanyo huo, huwashwa mwisho kabisa, na poti moja huachwa nje ya mgawanyo kwa ajili ya kompyuta ya fundi, la sivyo ruta humfungia nje aliyeipanga.

Saa saba ilikuwa swala na wali kwa pweza.

Saa nane ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Wengi hudhani kwamba VLAN zikishatengana basi hazionani, ilhali ruta inaijua mitandao yote mitatu na huipitishia data bila kuulizwa, mpaka faiawoli, yaani kanuni za ruta zinazoamua data ipi ipite, iikataze. Niliruhusu majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa, familia kuzifikia kamera, familia na wapangaji kutoka kwenda intaneti. Mengine yote nikayazuia, ukiwemo ukurasa wa kuingilia ruta kwa upande wa wapangaji.

Saa tisa nilijaribu kwa simu. Kwenye waifai ya wapangaji, programu ya kamera ilizunguka hadi ikakata tamaa; nilipohamia ya familia, geti likaonekana mara moja.

Saa kumi mpangaji mmoja, mwalimu, aliomba kutumia printa ya familia, na mama akakubali. Simu yake haikuiona, kwa kuwa tangazo la printa halivuki VLAN, hivyo tuliandika anwani ya printa kwa mkono, nami nikaongeza kanuni inayofungua anwani hiyo moja, poti 9100 tu (hapa poti ni namba ya huduma ya kuchapisha, si tundu la waya), juu ya kanuni ya kuzuia, maana MikroTik husoma kutoka juu kwenda chini. Karatasi ya kwanza ilipotoka nilihifadhi nakala ya mipangilio kwenye flashi ya mama, nikabandika majina kwenye kila poti, nikafunga mkoba.