Hanilaumu, ila nalaumika

Kuna neno limenikaa kichwani tangu jana, kulaumika. Wengi tunasema kulaumiwa basi yameisha, hili lingine unalisikia mara chache, sa dada yangu kanitupia kwenye simu na usingizi wenyewe ukagoma.

Ilikuwa hivi. Rafiki yangu aliniachia barua yake ya maombi ya kazi niipitie, nimnyooshee palipopinda afu nimrudishie kabla ya siku ya mwisho, nikasema poa, nikaiweka pembeni, nikaendelea na mambo yangu, nakuja kushtuka muda umeshapita siku mbili. Nikamtumia meseji, "samahani kaka, ile barua ilisahaulika". Akajibu haina noma. Kimya.

Jana namsimulia dada, nikamalizia na kujitetea juu, mbona mwenyewe hata hanilaumu? Akanijibu taratibu tu, "Hakulaumu mdogo wangu, ila unalaumika."

Dah.

Nimekaa nalo. Ukilaumiwa lazima awepo wa kukulaumu, unalaumiwa na fulani, na huyo fulani anaweza kuwa kakosea kabisa, watu wanabebeshwa lawama kila siku kwa mambo hata hawayajui. Kulaumika hakumngoji mtu. Ni kama ukisema njia inapitika, hata kama leo hajapita yeyote inapitika tu. Yaani wote wanaweza wakanyamaza na mi bado nalaumika. Hata kwenye Biblia, Timotheo wa Kwanza, askofu anatakiwa awe mtu asiyelaumika, hawakuandika asiyelaumiwa, na walifanya vizuri maana huyo wangemtoa wapi, kiongozi gani halaumiwi?

Afu nikairudia meseji yangu. Ilisahaulika. Si -ika hiyohiyo! Ila mi niliitumia kama mtoto anayesimama juu ya vigae anasema kikombe kimevunjika. Barua imesahaulika, kasahau nani? Hakuna, labda upepo. Kale kamkia ka neno nilikojificha nyuma yake ndo hako hako dada kanishikia.

Nilijaribu kutafuta neno jingine la kujiita. Hatia naona nzito, linanukia mahakama, mtu akikutwa na hatia unamwona hakimu kabisa na kifungo kinafuata, mi nimesahau barua jamani. Kosa nalo linateleza, kwa sababu kukosa ni kufanya vibaya na pia ni kutopata, kwa hiyo mi nimekosa na jamaa kakosa nafasi, tumekosa wote wawili wakati yeye hana kosa hata chembe! Ukitaka libane lazima useme nimekukosea, hapo ndo anatokea aliyeumizwa, na aliyeumiza hana pa kukimbilia.

Asubuhi hii nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, kuna moja ilikuwa ndefu imejaa sababu (nilikuwa na kazi nyingi, simu ilisumbua, na kadhalika) hiyo nikaifuta yote. Iliyobaki ni hii: "Kaka, ile barua niliisahau mimi. Nimekukosea."

Ameshaisoma. Hajajibu, na safari hii naomba asiniambie haina noma.