Pesa za Kiwanda cha Bia Zianzie Mlimani

Kiwanda cha bia kikitaka kuulinda mto, pesa zake zifike kwanza kwenye shamba la mteremkoni, si kwenye sherehe ya kupanda miti. Ndiyo maana tunaupenda Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, unaowasaidia wakulima wa mlimani kuhifadhi udongo, ulioanzishwa Kenya mwaka 2015, kampuni ya bia ya East African Breweries ikiwa miongoni mwa washirika wake. Maji mengi ya Nairobi hutoka bonde la Tana ya Juu, na udongo wa Murang'a na Nyeri ukisombwa huishia kwenye mabwawa na mitambo ya kusafishia maji.

Kazi yenyewe ni ya jembe. Mtaro wa fanya juu huchimbwa kina na upana wa sentimita 60 hivi, udongo ukitupwa upande wa juu. Juu ya tuta panda nyasi za nepia: vipande vya vifundo vitatu, viwili vizikwe. Pima kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, kwa kamba na pimamaji. Mtaro ukiinama, maji hujaa upande mmoja, tuta hupasuka na korongo huanza hapo hapo. Mikaratusi kando ya mto? Hapana, hunywa maji mno. Na mfadhili atenge fedha za kuzibua mitaro kila baada ya masika, maana mtaro uliojaa tope haushiki maji tena.