Mzee wa Walikale Mbele ya Achilles

Filamu ya Troy, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen na kutolewa mwaka 2004, niliitazama katika ukumbi wa video wa mtaa wa Birere, hapa Goma, nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Ukumbi ulikuwa wa mbao na mabati, umesimama juu ya lava ambayo volkano ya Nyiragongo iliimwaga mjini mwezi Januari 2002, na watu walikuwa wameigonga kwa nyundo mpaka mabenchi yakaacha kuyumba. Ubao wa mlangoni ulikuwa umeandikwa kwa chaki jina la filamu, saa ya kuanza, na neno VITA kwa herufi kubwa, kwa kuwa mwenye ukumbi aliwajua wateja wake. Sauti ilikuwa ya Kifaransa. Kando ya televisheni aliketi kijana mwenye maikrofoni aliyetufasiria kwa Kiswahili, akiongeza ya kwake kila alipoona wahusika wamekuwa wachoyo wa maneno.

Nilikuwa nimefuatana na baba mkubwa, aliyekuwa ametoka Walikale kwa mazungumzo ya mahari ya binti yake. Sisi ni Wanyanga, na yeye alikulia karibu na wasimulizi wa Mwindo, shujaa wa utenzi wetu, ingawa hakuwa msimulizi mwenyewe. Alisema anataka kuona kitu kinachowachelewesha watoto wa ndugu yake kurudi nyumbani jioni.

Mwanzoni alifurahi kama sisi. Achilles, shujaa wa filamu, alipomwangusha jitu la jeshi la adui kwa pigo moja, baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa, maana mdogo kumshinda mkubwa ni jambo alilolizoea tangu utotoni. Kisha meli zikafika ufuoni mwa Troy, Achilles na askari wake wakaliteka hekalu la Apollo, na msaidizi wake akamwonya kwamba Apollo huona kila kitu, hivyo si vizuri kumchokoza. Jibu la Achilles lilikuwa kuinua upanga na kuikata kichwa sanamu ya dhahabu ya mungu huyo. Ukumbi mzima ulishangilia. Baba mkubwa aliweka mkono juu ya goti langu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe wa nini, baba mkubwa?"

"Wa nyumba ile. Amekatwa kichwa. Atanyamaza tu?"

Nilimwomba angoje kidogo. Haukupita muda diski ya kwanza ikaisha, kwa sababu filamu ile ya zaidi ya saa mbili na nusu ilikuwa imegawanywa katika diski kadhaa, na wakati mwenye ukumbi akiipangusa ya pili kwa pindo la shati lake, baba mkubwa aliona nafasi yake. Hakuniuliza mimi tena. Alimwuliza kijana wa maikrofoni.

"Wewe unayesema, huyu mtu ana mkubwa wa kumgombeza?"

"Muzee, huyu hana mkubwa. Yeye anamdharau hata mfalme wake."

"Basi wamekata hadithi."

Vijana walicheka, na mmoja wa benchi la nyuma akamtaka aeleze ilivyopasa kuwa. Nadhani alitaka mzaha, lakini baba mkubwa hakuwa mtu wa kuchezewa katika jambo hilo, naye akasimama akaanza kuwaeleza habari za Mwindo. Alieleza jinsi Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alivyowakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume, na jinsi Mwindo alivyotokea kwenye kidole cha mama yake akiwa tayari anatembea na kusema, usinga wake mkononi. Baba alimrushia mikuki, akamzika akiwa hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na mtoto akashinda yote. Mwindo alijisifu kuliko Achilles, baba mkubwa alisema, tena kwa wimbo. Hata kuzimu alishuka, akimfuata baba yake aliyekimbia. Lakini alipompata hakumwua, bali alimrudisha nyumbani wakagawana utawala.

Mpaka hapo vijana walikuwa wakimsikiliza kwa heshima tu. Walitulia kweli alipofika kwenye Kirimu, lile dubwana la msituni ambalo Mwindo aliliua kwa ushujaa uleule tuliokuwa tumeushangilia dakika chache kabla. Kirimu alikuwa na rafiki wa damu, naye ni Nkuba, yaani Radi. Nkuba alishuka, akamchukua Mwindo juu mbinguni, na huko shujaa akakaa mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua, mpaka akakubali kwamba hataua mnyama tena. Baba mkubwa alisimulia adhabu hiyo kwa raha kuliko ushindi wowote. Aliinua mabega na kutetemeka jinsi Mwindo alivyotetemeka, na ukumbi ukacheka pamoja naye. Kisha diski ya pili ikaanza, naye akaketi.

Tulipofika mahali ambapo Achilles amemwua Hector, mwana wa mfalme wa Troy, na anauburuza mwili wake nyuma ya gari lake la farasi, hakuna aliyeshangilia. Mfalme Priam alipoingia usiku kwenye hema la adui na kuibusu mikono iliyomwua mwanawe, baba mkubwa alivua kofia. Nikiri kwamba sehemu hiyo, pamoja na uigizaji wa Peter O'Toole aliyekuwa Priam, sijaona filamu ya mashujaa wa kale iliyoishinda. Hata hivyo aliniuliza chini kwa chini ni nani aliyemtuma yule mzee, na nilipomjibu kwamba amekuja kwa uamuzi wake mwenyewe, alitikisa kichwa.

Miaka mingi baadaye niliisoma Iliadi, utenzi wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy, katika tafsiri ya Kifaransa, na nilishangaa kuona kwamba mzee ambaye hakuwahi kulisikia jina la Homer alikuwa ameweka kidole palepale filamu ilipokatwa. Katika utenzi ule Achilles anaujaza mto kwa maiti, na mto wenyewe unakasirika, unafurika na kumfukuza uwandani mpaka analia akihofu kufa maji. Anapouburuza mwili wa Hector, Apollo anawashitakia miungu wenzake kwamba mtu huyu amepoteza huruma na haya. Zeus, mkuu wa miungu, anamtuma Thetis, mama yake Achilles, ampelekee mwanawe amri ya kuurudisha mwili, na Priam anakwenda hemani kwa sababu ametumwa na kuongozwa. Petersen aliiondoa miungu karibu yote. Namwelewa: miungu waliovaa mashuka meupe wangechekwa, Birere na kwingineko. Lakini pamoja nao aliondoka kila mwenye uwezo wa kumwambia shujaa kwamba amepita kiasi, na Achilles akabaki na huzuni yake ya moyoni, ambayo inampendeza sana usoni.

Filamu ya Hercules ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi. Kwa wasimulizi wa Ugiriki, Hercules aliwaua watoto wake mwenyewe kwa wazimu, na zile kazi ngumu alizifanya akiwa chini ya amri ya mfalme Eurystheus ili kujitakasa. Katika filamu, familia yake imeraruliwa na mbwamwitu waliotumwa na mfalme huyohuyo, kwa hiyo shujaa hana damu mikononi na hana cha kutubu. Wanaosema kwamba sinema ya leo inawapaka matope mashujaa wa kale huenda hawajautazama upande huu: mara nyingi inawaosha kuliko walivyooshwa na wazee.

Lakini sijasimulia diski ya mwisho. Kijana wa maikrofoni alikuwa amemsikiliza baba mkubwa kuliko sisi wote. Achilles alipopigwa mshale wa kisigino na Paris, ndugu yake Hector, huku wahusika wenyewe wakiwa kimya, alisema kwa sauti nzito: "Mwenye ile nyumba amekumbuka kichwa chake!" Hakuna aliyesema hivyo katika filamu. Katika utenzi, Hector anapokata roho anamtabiria Achilles kwamba atauawa na Paris pamoja na Apollo, na sidhani kijana yule alikuwa na njia ya kulijua hilo. Ukumbi ulilipuka kwa kelele, na baba mkubwa akanituma nimpelekee noti ya faranga mia, mbali na tulicholipa mlangoni.